Barlow Asiyekuwemo Kwenye Simu

Sebule nzima ilimsubiri Mzee Cyriaque, maana jina la mjukuu wa kwanza hutoka kinywani mwa babu.

"Mtoto ataitwa Barlow," akasema.

Mkwewe akalitafuta jina hilo kwenye simu. "Papa, hilo ni jina la ukoo la Waingereza! Kuna Barlow jaji, Barlow jenerali, hata Barlow mcheza kriketi. Unamuenzi yupi?"

Mzee akacheka kwa uchungu. "Wakubwa? Wakubwa ndio walioiacha lifti ya jengo hili ife msimu mzima wa theluji, na marehemu mke wangu akiwa huku juu na figo zake mbovu. Ukiwapigia, wanakwambia subiri. Barlow wangu hayumo kwenye simu yako."

Barlow wake alikuwa dereva wa basi la wagonjwa. Kila siku ya kusafishwa damu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, akainama mlangoni, watu wa nyumbani wakamfunga mke wa Mzee mgongoni kwake kwa kitenge asije akateleza, akashuka naye taratibu. Alifanya hivyo mpaka mama akafariki.

Mlango ukagongwa. Lifti ilikuwa imekufa tena, na dereva alisimama pale akihema, shati limemganda kwa jasho, keki mkononi.

Mzee alimpokea keki, akamchukua mtoto, akakivuta kitenge kile kile cha marehemu kutoka kitini.

"Geuka, ndugu yangu."

Barlow hakujua neno hata moja la Kiswahili. Alikitazama kile kitenge, akageuka, akainama.