Mshale wa Themanini

Fundi Sikudhani aliitambua dashibodi ile kabla hajaifungua. Gari hilo kuukuu la meya ndilo lililomuua dada yake, muuza vitumbua, pale sokoni miaka thelathini iliyopita. Ripoti ya baraza la mji ilisema lilikuwa likienda mwendo wa kobe. Lakini kishindo cha kumgonga kilipinda ukingo wa kioo cha geji, na mshale wa spidi ukanasa palepale, kwenye themanini.

"Fundi, sherehe ya meya sokoni ni kesho, na gari hili ndilo litakaloonyeshwa," alisema katibu wake. "Geji zote zing'are. Na huo mshale urudi sifuri, tumeelewana?"

"Zitang'ara."

Alifanya kazi kama anayemwosha maiti wake. Alisugua kutu, akabadilisha balbu, akazirudishia rangi tarakimu zilizofifia kwa brashi nyembamba kama kope. Geji ya mafuta ikafufuka, ya joto ikafuata. Ile themanini aliipaka mara mbili, nyeupe kama sanda.

Asubuhi, mbele ya soko zima, katibu aliwasha gari. Mishale yote ikacheza, isipokuwa mmoja.

"Wewe mwanamke! Si nilikwambia urudi sifuri?"

"Uliniita nitengeneze vilivyoharibika," alisema Sikudhani, akifuta mikono kwa kanga. "Huo haujaharibika. Katika baraza lenu lote, ni huo tu uliosema kweli."

Katibu aliziba kioo cha geji kwa kiganja. Wauza vitumbua walikuwa wameshaanza kusogea dirishani, mmoja baada ya mwingine, wakiinama kusoma.