Simsim Nyeusi

Mama mkwe wa Ndila alipuliza mbegu za simsim alizorudishiwa, na vumbi jeusi likamrukia puani.

Ndila alikuwa ameazima mbegu nyeusi. Lakini mwaka huo jua la Mwala lilikuwa kali mno, akavuna simsim zilizopauka kama mchanga. Nani angeamini kwamba hajazibadilisha? Basi akazisugua kwa masizi ya sufuria.

Mama alitazama viganja vyake. Vilikuwa vyeusi tititi.

“Ndila!”

“Mama, ni jua! Haki ya Mungu, hizi zimetoka kwa mbegu zako.”

Mama alichungulia nje, akafunga mlango, akavuta gunia lake kutoka uvunguni. Simsim zake zilikuwa zimepauka vilevile.

“Masizi yamebaki?” akanong'ona. “Dada yangu anakuja kuchukua zake kesho.”