Glavu ya Nyuzi Sita

Siku hizi gitaa hufundishwa na glavu, nayo haivuliki mpaka upige sawasawa. Nyamizi alilegeza nyuzi ili zikipigwa wazi, bila kubonyezwa, kwa pamoja zitoe mlio wa G, akaung'oa uzi ule mnene wa juu, kama baadhi ya wapigaji wa roki wafanyavyo, kisha akaivaa glavu. Glavu haikuyajua hayo. Ilimvuta kidole kuutafuta uzi usiokuwepo, ikavuta, ikavuta, kikavunjika.

"Mume wangu, ikate!"

"Ikikatwa itaponda mkono mzima!" Mhando alipiga magoti, akaufunga uzi mahali pake na kuzikaza nyingine huku damu ya mkewe ikimdondokea.

Glavu ikapiga. Kipande kikatoka kitamu, kidole kilichovunjika kikibonyeza kwa zamu yake.

"Safi sana," ikasema glavu. "Sasa kwa kasi."