Njia Iliyonyooka ya Mwenyekiti Ngiri

Zamani, wanyama walipokuwa na wenyeviti, msitu ulikuwa mali ya wote. Wote walitaka njia ya kwenda bwawani, maana watoto walikuwa wakichomwa na miiba kila siku. Mwenyekiti Ngiri akatangaza kuwa njia itakuwa moja, tena iliyonyooka.

"Itafyeka kichaka ninachozalia," akasema Digidigi. "Ipinde kidogo tu, mzee."

"Na mkuyu ambao sote tunakula matunda yake je?" akauliza Tumbili.

"Nyie ndio mnaoturudisha nyuma!" Ngiri akafoka. "Maendeleo hayapindi!"

Akaanza kupigilia vigingi mwenyewe, akienda kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia shimoni mwao. Macho hayakubanduka kwenye mstari, na mstari ulinyooka kweli. Akapigilia, akarudi nyuma, akapigilia tena, mpaka akatumbukia shimoni, matako kwanza. Lilikuwa shimo lake mwenyewe, na wanawe walikuwa wamelala humo.

Tumbili akachungulia. "Mwenyekiti, njia imefika kwako. Tufukie?"

Ngiri akakohoa. "Ngojeni kwanza. Hivi njia ikipinda kidogo, kuna ubaya gani?"

"Hakuna, mzee," akasema Digidigi, huku anang'oa kigingi. "Basi tuanze kuipindisha kwangu."