Viberiti Juu ya Ramani

Nilimkosea Bi Mwanashehe. Nilidhani naye kaja kugombea nyumba. Mkoa umeuagiza mji ujenge nyumba za bei nafuu, basi bwana mipango katandaza ramani ukumbini, akawa anapanga viberiti, kila kimoja nyumba. Akiweka kimoja, mtu anadakia, "Changu hicho!" Tunacheka.

"Cha mwisho hiki," akasema bwana mipango. " Hapa pana vichaka vya mirehani tu."

"Changu!" nikadakia.

Bi Mwanashehe akainuka. "Mirehani hiyo haikujiotea, baba. Tumeipanda juu ya makaburi. Hapo kalala mume wangu."

Bwana mipango akajikuna shingo. "Nafasi imeisha, mama. Nikikiondoa, familia moja inakosa."

Bi Mwanashehe akakiokota kile kiberiti, akakiweka kiganjani, akatugeukia.

"Hiki cha nani, jamani? Naomba aniachie mume wangu alale."