Kitambaa cha Kijani

Taa za dukani kwangu Kariakoo zinaficha mengi, na mimi nilikuwa nimeshaapa.

"Wallahi mama, jora jipya hili," nilimwambia mteja aliyetaka kitambaa cha kijani kwa sare za harusi ya binti yake. Lilikuwa limekaa dirishani mwaka mzima, ukingo mmoja umepauka.

"Tutoke nje, Zulekha, nikione kwenye jua."

Wanunuzi wazoefu ndivyo wanavyofanya, kwa hiyo nilishajiandaa. Ukingo ule niliushika mwenyewe, nikaufumbata kiganjani.

Tukakitandaza mlangoni, tumekiinua juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa saa sita, jua limepenya katikati ya maghorofa. Likapita ndani ya kitambaa, ukijani ukamwagikia usoni mwake, kwenye khanga yake, mpaka kwenye vidole vyangu vilivyofumba. Miaka kumi na tisa nauza vitambaa, sijawahi kuona rangi ikimkaa mtu namna ile.

Kule ndani nilimtaja Mungu kwa mazoea ya biashara. Hapa mlangoni alikuwepo.

"Subhanallah!" mama akasema, anacheka. "Nikatie mita thelathini."

"Subiri kwanza, mama," nikasema, nikafumbua kiganja.