Wafu Hula kwa Kushoto

Wafu walikuwa wamekaa mezani wanakula, na wote walikula kwa mkono wa kushoto. Mwenyeji wao, marehemu mrefu wa joho jeusi, alimega mkate kwa kushoto, akanyanyua kikombe kwa kushoto, kisha akacheka akaonyesha meno. Pelagia alipiga ukelele, akajifunika kitenge kichwani. Kezia, aliyekaa ubavuni pake, hakushtuka. Yake yalikuwa yamekwisha kumfika kabla hata sinema ya kutisha haijaanza.

Gari la sinema lilikuja Kasulu jioni ile, mwaka wa sabini na nne, wakafunga shuka jeupe kati ya mikaratusi miwili. Wenyeji wa mjini waliujaza uwanja mapema. Wanawake wa kijiji cha Titye, Kezia na jirani yake Pelagia wakiwamo, waliotembea mchana kutwa, walikuta hapana pa kutia mguu, wakazunguka wakaketi upande wa pili wa shuka, kwenye majani, ambako nako picha zilionekana vizuri tu. Huko hapakuwa na wa kuwasukuma, wakashukuru.

Kezia hakuja kutishwa. Alikuja kumtafuta mumewe, Nsengimana. Walipoteana miaka miwili nyuma, siku ya kukimbia kutoka Burundi, karibu na Mabamba, na tangu hapo hakupata habari yake, hai wala maiti. Kisha Ildefonsi, dereva wa lori, akamwambia kwamba huko Kibondo ameona filamu fupi ya wakimbizi waliopelekwa upande wa Tabora, na ndani yake mna mtu wa mkono mmoja analima.

"Hana mkono upi?" Kezia aliuliza.

"Mama, mimi nilikuwa nashangaa anavyolima. Upande sikuangalia."

Nsengimana hakuwa na mkono wa kulia. Uliliwa na mashine ya kupasulia mbao tangu ujana wake.

Na Bazilio alikuwa anangoja. Huyu alikuwa Muha wa Titye aliyefiwa na mke, mtu mpole, aliyempa Kezia kipande cha shamba na pa kulaza ubavu, asimdai kitu ila jibu. Kezia alimwomba subira mpaka aione ile filamu. Akiwa ni Nsengimana, atafunga mzigo aende Tabora hata kwa miguu. Asipokuwa yeye, basi ataolewa, maana alikwisha kuchoka kuangalia njia.

Filamu ya wakimbizi ndiyo iliyotangulia. Mtu wa mkono mmoja akatokea, kofia imemfunika macho, mpini wa jembe ameubana kwapani. Moyo wa Kezia uliruka. Bega lile! Na namna ile ya kuinamisha kichwa!

"Mana yanje, Mungu wangu, ni yeye!" Pelagia alimshika.

Kezia alisimama, akatazama vizuri. Mtu yule alikuwa analima kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ndio haukuwapo, shati limefungwa fundo begani. Kezia alitaka wamsimamishe amtazame tena, lakini nani ataiambia picha ingoje? Wakaja watu wengine, wanachota maji, wanacheka.

"Siye," alisema, akaketi. Machozi yalimtoka yenyewe, wala hakuyafuta.

Siku ya soko Kezia na Pelagia walipopita dukani kwa mzee Khatibu kununua chumvi, mabishano yalikuwa ya sinema tu. Khatibu alikuwa amekaa mbele kabisa, na alisema haikutisha hata kidogo. Meno yale ni ya bandia, mtoto mdogo anajua. Sinema ya kutisha hasa ni ya mnyama.

"Meno si kitu," Pelagia alimbana. "Mimi kilichonitoa jasho ni wale watu kula kwa kushoto, wote, hata yule mwanamke mzuri."

"Kushoto gani? Mimi sikumwona anayekula kwa kushoto."

"Yemwe! Kumbe mzee alifumba macho!"

Walimcheka mpaka akawapunja chumvi. Kezia naye alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, na kicheko hicho kikamwonyesha kwamba bado anaweza kuishi. Jioni alimpa Bazilio jibu.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilirudi. Bazilio alimpakia Kezia kwenye baiskeli, mtoto wao mchanga mgongoni, wakafika shuka halijafungwa. Safari hii walikaa mbele, jirani na Khatibu. Filamu ya wakimbizi haikuletwa. Walionyeshwa mambo ya mbolea, kisha ile ile ya wafu.

Bazilio hakuwahi kuiona. Kezia alimsogelea akitabasamu.

"Ngoja waanze kula," alimnong'oneza. "Tazama mikono yao. Ukiogopa, nishike."

Wafu wakaketi mezani. Mwenyeji wao akanyoosha mkono, akamega mkate.

Uwanja mzima uligeuka kumtazama mwanamke aliyepiga ukelele. Mtoto aliamka akaanza kulia. Bazilio alimshika mkewe mabega, akamwita jina, lakini Kezia hakumsikia. Alikuwa anatazama chini ya shuka, palipoonekana miguu ya wanawake waliochelewa, wamekaa kwenye majani upande wa pili, pale pale alipokaa yeye mwaka jana.

"Ah, mama, unatutisha bure," Khatibu alisema. "Meno bado kabisa. Hapo mtu anakula tu, tena kwa mkono wa kulia, kama mimi na wewe."